Haiba ya Binadamu na Uteuzi Asilia: Kwa Nini Watu Hawajawa wa Tabia Moja

1.0 Utangulizi

Methali za Kiswahili hazikubaliani juu ya namna mtu anavyopasa kuwa. Mwenye pupa huonywa kwamba haraka haraka haina baraka, ilhali mzito wa kuamua huambiwa kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Shujaa husifiwa, lakini wahenga hao hao walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Wataalamu wa fasihi simulizi aghalabu hueleza ukinzani huu kwa kurejelea muktadha: kila methali ina wakati wake, na hakuna hata moja inayotosha kwa nyakati zote.

Katika taaluma ya biolojia limekuwapo swali linalofanana na hilo kwa karibu. Watu wa jamii moja, hata ndugu wa tumbo moja, hutofautiana kwa haiba. Yupo mchangamfu na yupo mkimya. Yupo anayethubutu na yupo anayesita. Utafiti wa miongo mingi umeonyesha kwamba sehemu ya tofauti hizo inatokana na jeni. Hata hivyo, nadharia ya mageuko inaeleza kwamba uteuzi asilia hupunguza tofauti za kijeni: jeni zinazomsaidia kiumbe kuishi na kuzaa huenea, na zinazomdhuru hupungua kizazi baada ya kizazi. Ikiwa ndivyo, kwa nini binadamu wote hawajafikia haiba moja iliyo bora kuliko nyingine?

Makala haya yanakusudia kueleza majibu makuu yaliyotolewa kwa swali hilo na kuyapima kwa ushahidi uliopo. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba mtaalamu wa lugha anayo sehemu yake katika suala hili. Haiba hupimwa kwa maneno, na maneno yanayotumiwa kuufikisha ujuzi huu kwa wasomaji wa Kiswahili yanaweza kuupotosha yasipochunguzwa. Kwa sababu hiyo, mjadala unaanza na istilahi.

2.0 Istilahi Tatu Zinazohitaji Tahadhari

2.1 Haiba na jamaa zake

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana katika uwanja huu: tabia, hulka, silika, mwenendo na haiba. Manne kati yake yana asili ya Kiarabu. Tabia inatokana na mzizi wenye maana ya kupiga chapa, na hulka inatokana na mzizi wenye maana ya kuumba. Kwa hiyo maneno hayo yalikuja yakiwa tayari yamebeba wazo kwamba sifa za mtu ni kitu alichotiwa tangu mwanzo. Mwenendo, kwa upande mwingine, linatokana na kitenzi cha Kibantu -enda, na linamtazama mtu kwa jinsi anavyokwenda. Katika makala haya, haiba inatumika kwa maana ya kisaikolojia, yaani jumla ya mielekeo ya kuhisi, kufikiri na kutenda ambayo hudumu kwa mtu kwa muda mrefu na kumtofautisha na wenzake. Maana ya kawaida ya neno hilo, yaani mvuto au heshima aliyo nayo mtu, inawekwa kando.

2.2 Urithi na urithikaji

Istilahi ya pili ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Katika Kiswahili cha kila siku, kurithi ni kupokea kitu kizima: shamba, nyumba, cheo. Msomaji anayeambiwa kwamba "asilimia 40 ya haiba hurithiwa" ataelewa kwamba mtu amepokea karibu nusu ya haiba yake kutoka kwa wazazi, na kwamba sehemu hiyo haibadiliki. Sivyo watafiti wanavyomaanisha. Kipimo chao kinahusu tofauti baina ya watu katika jamii fulani na wakati fulani. Kinauliza: miongoni mwa tofauti zote zinazoonekana hapa, ni kiasi gani kinaambatana na tofauti za jeni? Kwa kipimo hicho makala haya yanatumia neno urithikaji, ili kukitenga na urithi.

Mfano wa vidole unaweza kusaidia. Binadamu ana vidole vitano katika kila mkono kwa sababu ya jeni, na kwa maana ya kawaida vidole ni urithi mtupu. Lakini watu wenye pungufu ya vidole vitano aghalabu wamevipoteza kwa ajali. Tofauti za idadi ya vidole, basi, zinatokana zaidi na mazingira, na urithikaji wake ni mdogo. Sifa inaweza kujengwa na jeni kikamilifu na bado ikawa na urithikaji mdogo. Vivyo hivyo, sifa yenye urithikaji mkubwa inaweza kubadilika sana mazingira yakibadilika.

2.3 Uteuzi

Istilahi ya tatu ni uteuzi asilia. Kitenzi -teua kinahitaji mteuzi: rais huteua waziri, na kamati humteua mshindi. Mageuko hayana mteuzi. Picha iliyo karibu zaidi na ukweli ni ile ya kupepeta nafaka. Upepo hauchagui chochote. Punje nzito hubaki na makapi hupeperuka kwa sababu ya uzito wao tu. Istilahi ya uteuzi asilia imekwisha kuzoeleka na makala haya yanaitumia, lakini isomwe kwa maana hiyo ya kupepeta. Picha hiyo inalifanya swali la makala haya liwe bayana zaidi: nafaka iliyopepetwa kwa vizazi maelfu, kwa nini ingali na punje za kila namna?

3.0 Haiba Hupimwaje?

Mwaka 1884 Francis Galton, mwanazuoni wa Uingereza, alitoa hoja kwamba tofauti muhimu za tabia za watu zimekwisha kuhifadhiwa katika msamiati wa lugha. Kwa kupekua kamusi ya visawe alikadiria kwamba Kiingereza kina maneno yasiyopungua 1,000 ya aina hiyo. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert wa Marekani walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza na kuorodhesha maneno 17,953. Kutokana na orodha za namna hiyo, na kwa kutumia hisabati ya kutafuta maneno yanayoambatana, watafiti wa baadaye walifikia pande kuu tano za haiba: uchangamfu, upole wa kupatana na watu, uangalifu katika kazi, wepesi wa kuingiwa na wahaka, na uwazi wa kupokea mambo mapya.

Mwanaisimu wa Kiswahili ataona mara moja kwamba njia hiyo iliegemea lugha yenye vivumishi vingi. Vivumishi asilia vya Kiswahili ni vichache. Sifa za watu huelezwa zaidi kwa nomino zinazoundwa kutokana na vitenzi, kama mvumilivu, mwangalifu, mdanganyifu na msahaulifu. Kwa maneno yaliyotoholewa, kama karimu na jasiri. Na kwa mafungu ya maneno, kama mwenye subira au mtu wa watu. Kwa hiyo orodha ya vivumishi pekee ingeliacha nje fungu kubwa la msamiati wa haiba katika Kiswahili. Tahadhari hii ina uzito. Michael Gurven na wenzake walipowapima watu wazima 632 wa jamii ya Tsimane nchini Bolivia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, pande tano hazikujitokeza kwa uthabiti. Mbili zilijitokeza wazi zaidi: moja ya kujali watu na nyingine ya bidii ya kazi. Kwa hiyo mgawanyo wa haiba katika pande tano usichukuliwe kuwa umethibitika kwa binadamu wote.

Hata hivyo, kuwapo kwa tofauti zenyewe, na kwa mchango wa jeni ndani yake, hakuna shaka. Pacha wanaofanana hushiriki jeni zote, ilhali pacha wasiofanana hushiriki wastani wa nusu ya zile jeni zinazotofautiana baina ya watu. Kwa kulinganisha makundi haya mawili, pamoja na watoto wa kulelewa, watafiti hukadiria urithikaji. Tena Vukasović na Denis Bratko walikusanya tafiti nyingi za namna hiyo na kuzichambua kwa pamoja mwaka 2015. Walipata wastani wa asilimia 40. Tafiti za pacha peke yake zilitoa asilimia 47, na zile za familia na watoto wa kulelewa zilitoa asilimia 22. Sababu moja inayoweza kueleza pengo hilo ni kwamba baadhi ya jeni hufanya kazi kwa kuingiliana. Pacha wanaofanana wana michanganyiko ile ile, ilhali mzazi na mtoto hawashiriki mchanganyiko mzima.

4.0 Maelezo Yaliyotolewa

4.1 Tofauti zisizo na uzito

Maelezo ya kwanza ni kwamba tofauti za haiba hazina athari kwa uhai wala uzazi, na kwa hiyo upepo hauzigusi. John Tooby na Leda Cosmides walikaribia msimamo huu mwaka 1990. Walisema kwamba mifumo changamani ya akili lazima iwe sawa kwa binadamu wote, kwa sababu uzazi wa watu wawili huchanganya jeni na ungeuvunja mfumo wowote unaohitaji jeni nyingi zikae pamoja. Tofauti za kijeni zinazobaki, kwa maoni yao, ni za juujuu.

Udhaifu wa maelezo haya ni kwamba haiba inaonekana kuwa na athari. Daniel Nettle alichunguza watu wazima 545 nchini Uingereza na kutoa matokeo yake mwaka 2005. Wenye uchangamfu mwingi walikuwa wamepata wapenzi wengi zaidi maishani. Lakini pia walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kulazwa hospitali kwa ajali au ugonjwa. Sifa hiyo moja ina faida na gharama, na ni vigumu kusema kwamba haina uzito.

4.2 Mlingano wa mutesheni na uteuzi

Maelezo ya pili yanahusu mutesheni, yaani makosa yanayotokea jeni zinaponakiliwa. Kila kizazi huleta makosa mapya, na mengi ya yale yenye athari hudhuru kidogo. Uteuzi huyaondoa, lakini polepole, na kabla hayajaisha mengine huingia. Sifa inayotegemea jeni nyingi hutoa nafasi nyingi za makosa kutokea. Kwa mujibu wa maelezo haya, tofauti za haiba ni makapi yanayoingia unguni kwa kasi ile ile ambayo upepo unayapeperusha.

4.3 Uteuzi sawazishi

Maelezo ya tatu ni kwamba uteuzi wenyewe hulinda tofauti. Mfano unaofahamika zaidi ulithibitishwa Afrika Mashariki. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alibaini kwamba aleli ya selimundu, yaani sura ya jeni inayosababisha maradhi hayo ya damu, ilikuwa ya kawaida zaidi katika pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha sababu. Mwenye nakala mbili za aleli hiyo huugua, lakini mwenye nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Penye malaria nyingi, aleli hiyo haifutiki.

Kinga ya mwenye nakala moja ni njia moja tu ya usawazishaji. Ya pili ni kwamba sifa fulani hufaa ikiwa adimu, na hupoteza faida yake wengi wakiwa nayo. Ya tatu ni kwamba mazingira hubadilika, hivi kwamba sifa inayofaa mwaka huu au mahali hapa hudhuru mwaka ujao au mahali pengine. Mwaka 2006 Nettle alizipitia pande zote tano za haiba na kueleza kwamba kila upande una faida na gharama zake. Mwenye wahaka huteseka kwa hofu, lakini huiona hatari mapema. Mwaka uliofuata Lars Penke, Jaap Denissen na Geoffrey Miller walipendekeza kwamba mlingano wa mutesheni na uteuzi unaeleza zaidi tofauti za akili, na uteuzi sawazishi unaeleza zaidi tofauti za haiba.

5.0 Ushahidi

5.1 Ndege wa Uholanzi

Ushahidi wa wazi wa uteuzi unaobadilika unatoka kwa ndege mdogo wa Ulaya aitwaye Parus major. Baadhi ya ndege hawa huchunguza mahali papya kwa haraka na kwa ujasiri, na wengine polepole, na tofauti hizo hurithiwa. Niels Dingemanse na wenzake waliwafuatilia porini nchini Uholanzi na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Uwezekano wa kuishi mwaka mzima ulihusiana na haiba ya ndege, lakini kwa njia zilizopingana baina ya madume na majike, na mwelekeo uligeuka kati ya mwaka na mwaka. Mageuzi hayo yaliendana na mavuno ya mbegu za miti inayowalisha wakati wa baridi, mavuno ambayo huwa mengi miaka mingine na haba miaka mingine. Haraka ilikuwa na baraka mwaka mmoja na kukosa baraka mwaka mwingine.

5.2 Waariaal wa kaskazini mwa Kenya

Kwa binadamu, mfano mmoja umechunguzwa miongoni mwa Waariaal, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wenye uhusiano wa karibu na Warendile na Wasamburu. Jeni iitwayo DRD4 huhusika na kipokezi cha dopamini katika ubongo, na ina sura kadhaa zinazotofautiana kwa idadi ya marudio ya kipande kimoja. Dan Eisenberg na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2008, waliwalinganisha wanaume wa Kiariaal waliokuwa wakihamahama na wale waliokuwa wamepata makazi ya kudumu. Miongoni mwa wahamaji, wenye sura ya marudio saba walikuwa na hali bora ya lishe kuliko wenzao. Miongoni mwa waliotulia, wenye sura hiyo hiyo walikuwa na hali duni zaidi.

Mfano huu usomwe kwa uangalifu. Utafiti ulipima miili, haukupima haiba. Uliwahusu wanaume tu. Na uhusiano wa jeni hiyo na haiba umetiliwa shaka. Tafiti mbili za mwaka 1996 zilidai kwamba sura ndefu ya DRD4 huambatana na kupenda mambo mapya, lakini Marcus Munafò na wenzake walipozichambua tafiti nyingi kwa pamoja mwaka 2008 hawakuuthibitisha uhusiano huo. Kinachobaki ni dokezo kwamba aleli moja inaweza kufaa katika maisha ya aina moja na kudhuru katika maisha ya aina nyingine, ndani ya jamii ile ile.

5.3 Ushahidi wa jenomu

Maelezo mawili makuu yanatabiri mambo tofauti. Kama uteuzi sawazishi ndio unaolinda tofauti, aleli zinazohusika zinatarajiwa kuwa za kawaida, zikipatikana kwa watu wengi. Kama mutesheni ndiyo inayozizalisha, aleli hizo zinatarajiwa kuwa adimu. Karin Verweij na wenzake walitumia tofauti hiyo kufanya jaribio, na kulichapisha mwaka 2012 wakiwa na data ya jenomu za watu zaidi ya 8,000. Aleli za kawaida, zote kwa pamoja, zilieleza wastani wa asilimia 7.2 tu ya tofauti za haiba, kiasi kidogo kuliko urithikaji uliojulikana. Aidha, waliotokana na wazazi wenye nasaba ya karibu zaidi walielekea kuwa na sifa zisizopendeza sana katika jamii, katika pande tatu kati ya nne zilizopimwa. Kwa kuwa uhusiano wa nasaba hufichua aleli dhaifu zilizojificha, watafiti waliona kwamba matokeo yanalingana na mlingano wa mutesheni na uteuzi.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini haikufunga mjadala. Mwaka 2018 Mats Nagel na wenzake, wakiwa na data ya watu 449,484, walibaini maeneo 136 ya jenomu yanayohusiana na wahaka. Aleli za kawaida zinachangia, basi, ingawa kila moja ina athari ndogo sana. Lipo pia swali la lugha. Sifa "isiyopendeza katika jamii" ni hukumu ya jamii fulani, iliyotolewa kwa maneno ya jamii hiyo. Haifuati kwamba sifa isiyosifiwa na watu ndiyo isiyofaa mbele ya uteuzi asilia. Ukimya unaohesabiwa kuwa kasoro katika jamii moja unaweza kuitwa adabu katika nyingine.

6.0 Yanayofuata Kutokana na Maelezo Haya

Kwa jumla, ushahidi haulazimishi kuchagua jibu moja. Aleli adimu za mutesheni huingia daima, na wakati huo huo mazingira yanayogeuka yanaweza kuzihifadhi aleli za kawaida zenye faida na gharama. Yamkini mchango wa kila mchakato si sawa kwa kila upande wa haiba.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, majibu yote yaliyojadiliwa yanahusu tofauti za watu ndani ya jamii. Hakuna hata moja linaloruhusu kauli kwamba kabila fulani lina haiba fulani kwa sababu ya jeni. Mfano wa Waariaal unakataza kabisa usomaji huo, maana waliolinganishwa walikuwa watu wa jamii moja wenye maisha tofauti.

Pili, methali mtoto wa nyoka ni nyoka haiwezi kusimamishwa juu ya takwimu za urithikaji. Jeni za wazazi huchanganywa upya kwa kila mtoto, na ndiyo maana ndugu hutofautiana. Urithikaji wa asilimia 40 unaacha zaidi ya nusu ya tofauti bila kuelezwa na jeni. Mwalimu anayemkatia tamaa mwanafunzi kwa sababu alimfahamu baba yake hawezi kujitetea kwa sayansi hii. Wahenga wenyewe waliweka methali ya pili kando ya ile ya kwanza: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kudumu kwa tofauti za haiba hakupingani na uteuzi asilia. Uteuzi unaweza kuziacha kwa sababu makosa mapya huingia bila kukoma, na unaweza kuzilinda kwa sababu hakuna haiba iliyo bora kwa kila mahali na kila mwaka. Yameonyesha pia kwamba ufafanuzi wa suala hili kwa Kiswahili unategemea kutenganisha urithi na urithikaji, na kutomtafuta mteuzi mahali ambapo hayupo. Kazi iliyo mbele ya idara za Kiswahili ni kuukusanya na kuuchambua msamiati wa haiba wa lugha hii, pamoja na lahaja zake, kwa kufuata mofolojia yake yenyewe na si kwa kutafsiri orodha za vivumishi vya Kiingereza. Hapo ndipo itakapojulikana ni tofauti zipi wasemaji wa Kiswahili wenyewe wameziona kuwa zinastahili kupewa jina.